Ombi Kutoka Kijiji cha Tatu

"Nasema futa," alisema Ambakisye kwa mara ya tatu. "Ukitaka nikuandikie kwa herufi kubwa, nitakuandikia."

"Andika. Ila kwanza niambie, ombi lenyewe umelisoma mpaka mwisho, au uliishia kwenye kichwa?"

"Shemeji, mimi sisomi barua za watu ambao hawapo."

"Basi hujasoma."

Tusajigwe alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta namba tisa na kumgeuzia skrini. Hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Alikuwa na stashahada ya kompyuta, watoto watatu, na sauti ambayo watoto hao waliitii kabla sentensi haijaisha. Lakini Ambakisye hakuwa mtoto. Alikuwa mdogo wa mume wake, na tena fundi mkuu wa ukumbi wa kompyuta wa Tukuyu. Mashine zote mia sita na arobaini za mtandao wa mji zilikuwa chini yake. Akisema programu ifutwe, inafutwa.

Nje mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, bila haraka na bila mpango wa kuacha. Ndani kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu alipanga ratiba ya mitihani, katibu wa kwaya alichapa barua ya mwaliko, na pembeni, karibu na jiko la mkaa, mama mkwe wa Tusajigwe alikuwa anacheza mchezo wa kompyuta.

Ombi lilikuwa limeingia saa moja asubuhi katika sanduku la kasoro, mahali ambapo watu huandika yanayowasumbua kwenye mashine zao: printa haitoi, herufi ni ndogo, mchezo unakwama. Hili lilisema hivi:

*Sisi wa Kijiji cha Tatu, tunaokaa ndani ya mchezo wa Mgombani, tumesoma leseni iliyoambatanishwa. Inasema kwamba yeyote anayefikiwa na programu hii ana haki ya kupewa msimbo wake wote, pamoja na historia yake, bila kupunguzwa. Programu hii imetufikia. Tunaomba msimbo. Tunasubiri uwanjani.*

"Wanafunzi wa sekondari hao," alisema Ambakisye, safari hii akiwa amesoma mpaka mwisho. "Juzi tu waliweka mbuzi mahali pa picha ya mkuu wa shule."

"Nimefuata nyayo zake. Halikuandikwa kwenye kibodi ya mtu yeyote. Limetoka ndani ya mchezo."

"Ndiyo maana nasema futa."

"Mchezo niliutunga mimi."

"Na mashine nazitunza mimi. Sikiliza. Mgombani haina kompyuta yake yenyewe, inaishi kwa kuazima. Mtu akienda shambani, mashine yake ikabaki bila kazi, watu wako wa migomba wanaitumia. Akirudi, wanatoka. Vizuri. Sasa wanaomba msimbo, maandishi yenyewe yanayoiendesha programu. Wakiupata watajua jinsi mlango unavyofunguliwa, na anayejua hivyo habishi hodi tena. Mashine ya zahanati ipo kwenye mtandao huuhuu. Mama mjamzito akifika pale, nesi akifungua faili lake na kompyuta imeganda kwa sababu watu wa migomba wana sherehe, utamwambia nini mumewe?"

Lilikuwa swali zuri. Tusajigwe aliitazama saa ya ukutani.

"Nipe mpaka saa saba."

"Saa sita."

"Saa sita na nusu."

"Saa sita, shemeji. Sili wali nikiwa na jambo hili kifuani."

* * *

Mama mkwe wake, Bibi Atuganile, alipooza mkono wa kushoto miaka minne iliyopita. Daktari alishauri achezeshe vidole kila siku, ndipo Tusajigwe akamwekea Mgombani. Alimpa mchezo kama dawa. Bibi akaugeuza kuwa ajira. Alifika saa mbili kamili akiwa na kanga mbili na chupa ya chai, na akimkuta mtu kwenye kompyuta namba moja, mtu huyo alijuta.

"Mama, nataka kuingia na wewe mpaka Kijiji cha Tatu."

"Ngoja nimalize kufungulia maji migomba. Nyinyi wa siku hizi hamjui kusubiri."

"Unakijua hicho kijiji?"

"Kile cha vijana, ng'ambo ya kijito? Mbona siku nyingi. Watu wazuri. Wanasalimia kuliko wajukuu zangu wanavyosalimia."

"Na hukuniambia."

"Uliniuliza, Mama Bupe?"

Tusajigwe alikaa kwenye kompyuta namba mbili, akavaa spika za masikioni, na kuingia. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu aingie mara ya mwisho. Mtu huacha kuchungulia chungu ambacho hakiungui. Aliutunga mchezo huu miaka saba nyuma, akiwa chuoni Mbeya, na Bupe mgongoni. Watu wake walipaswa kuongea Kiswahili safi, kwa hiyo alimimina katika folda moja kila andiko la Kiswahili alilokuwa nalo: utabiri wa hali ya hewa, mapishi, barua za shule. Leseni ya programu huria aliitafsiri mwenyewe, kwa kujivunia sana. Ilipofika zamu ya kuiweka mahali pake mtoto alikuwa analia, naye akaitupa katika folda ileile. Kesho nitaihamisha, alisema. Hakuihamisha.

Kila mtu wa Mgombani alijifunza kusema kutoka katika folda hiyo. Ndiyo maana wazee wao waliitwa Mawingu Kiasi, Chumvi Kidogo, Mzazi Mpendwa. Vijana, ambao walikuwa wamesoma kwa bidii zaidi, waliitwa Ruhusa, Kifungu, Kiambatisho.

Aliwawekea na desturi moja, aliyosimuliwa na huyuhuyu mama mkwe. Zamani za Wanyakyusa, vijana wa rika moja walitoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao wenyewe, na siku ilipofika wazee waliwakabidhi nchi. Alidhani ni pambo zuri la mchezo. Hakuwahi kujiuliza, siku ikifika, vijana hao watamtafuta nani awakabidhi.

Wakavuka kijito. Bibi alitangulia, mtu wake mfupi wa mchezoni akitembea kwa kasi ambayo bibi mwenyewe hakuwa nayo tena. Migomba ikaachana, ukungu ukafunguka, na Tusajigwe akaondoa kidole kwenye kibodi.

Mbele yao ulikuwa uwanja uliofagiwa, mpana kama mabonde mawili. Juu yake yalipangwa mawe. Hayakupangwa kwa mistari. Yalikaa kwa mafungu na upweke, hapa manane, kule moja, kule kundi zito, kama nyumba zinavyokaa mlimani. Kati yao watu walipita taratibu wakiwa na majani mabichi ya mgomba. Waliweka jani juu ya jiwe, walisubiri, waliliondoa, walienda jingine. Palisikika maji ya kijito tu.

Alitambua kundi la kulia kabla hajajua kwamba anatambua. Ilikuwa mtaa wa Bulyaga, hapohapo Tukuyu. Ule mfuatano wa mawe ulikuwa barabara ya kwenda sokoni.

"Karibuni, mama," ilisema sauti masikioni mwake. Msichana mrefu alikuwa amesimama karibu nao. "Na wewe mgeni, karibu. Naitwa Ruhusa."

"Asante. Haya mawe ni nini?"

"Ni mahali tunapokaa. Jani ni alama ya tulipo sasa."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna. Kuna nyakati tunasimama. Sisi wenyewe hatuhisi, lakini ukitazama kijito, maji yanakuwa yameruka. Bonde hili linaruka wakati lile halijaruka. Tukaanza kuhesabu. Kila pahali panaporuka peke yake tukaweka jiwe, na mawe yanayokawia kusikiana tukayaweka mbali. Ilichukua vizazi viwili. Sasa hayaongezeki. Ni mia sita na arobaini."

Ilikuwa idadi ya mashine za mji. Namba hiyo haikuwepo popote ndani ya mchezo. Hakuiandika yeye, hakuiandika mtu. Walikuwa kama mtu aliyezaliwa kisimani, ambaye hajawahi kuona jua, akachora ramani ya mtaa mzima kwa kusikiliza ndoo zinavyoshuka.

"Hili," aliendelea Ruhusa, akionyesha, "huitwa na mwenyewe kila asubuhi kwa siku tano, halafu siku mbili linalala. Lile linaitwa siku moja tu kati ya saba, lakini linaitwa kutwa nzima. Tunafikiri kuna mtu kila jiwe. Hatujui yukoje. Tunajua tu akichoka."

La kwanza lilikuwa ofisi ya shule. La pili, kanisa. Tusajigwe alifumba macho, akafumbua. Palepale.

"Na lile mlilolizungushia matete?"

"Lile hatuligusi."

"Kwa nini?"

"Likiitwa, linaitwa kwa haraka kuliko yote. Usiku, mchana, wakati wowote. Tukaona anayeliita ana shida. Tulikubaliana tusikae humo, hata likiwa tupu."

Kiti kilikwaruza sakafu nyuma yake. Ambakisye alikuwa amesimama pale muda wote, mikono mfukoni, akisikiliza kwa spika za mezani za bibi, zisizojua siri. Alikwenda kwenye mashine yake na kufungua kumbukumbu za mtandao. Alisoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Zahanati," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imepungua kimo. "Miezi kumi na moja. Hawajaazima hata chembe. Mimi nilidhani ni kazi ya ule ukuta niliouweka."

"Ukuta gani?"

"Sikuuwasha. Ndiyo nauona sasa hivi."

"Fundi huyo," alisema Bibi Atuganile bila kugeuka.

* * *

"Ruhusa," alisema Tusajigwe, "msimbo mnautakia nini?"

"Umetazama kijiji chetu?"

"Nimetazama."

"Umeona mtoto?"

Aligeuza macho ya mtu wake pande zote. Nyumba zilikuwa nzuri, zimekandikwa, zimefagiliwa. Hapakuwa na hata mmoja.

"Mgombani nzima tukifika mia tatu," alisema Ruhusa, "mtoto akizaliwa, asubuhi mkubwa wetu kwa umri hayupo. Haumwi, haagi. Kitanda kiko pale, yeye hayupo. Tumehesabu mara arobaini na mbili. Wa mwisho alikuwa Mawingu Kiasi, alipozaliwa mtoto kule Kijiji cha Kwanza. Kwa hiyo tumewaomba wa vijiji vyote waache kuzaa, na sisi wenyewe tumeacha, ili wazee waliobaki wabaki. Lakini hivyo nako ni kwisha. Tunataka kuona ni nini kinawachukua. Labda kuna kitu tulikosea. Tukikiona tutaomba radhi."

Tusajigwe alivua spika za masikioni, akaziweka mezani polepole. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaita faili. Hakuhitaji kutafuta sana. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa unamsubiri kama alivyouacha, na maelezo yake juu:

*Wakizidi 300, ondoa mwenye umri mkubwa kuliko wote. Inatosha kwa sasa. T. Mwambungu.*

Kompyuta aliyokuwa nayo chuoni ilikuwa kuukuu. Ilikuwa inakwama. Alihitaji alama za mradi, na maziwa yalikuwa yanaungua jikoni.

"T. ni nani?" aliuliza Bibi Atuganile, ambaye miwani yake haikuwa mbovu kama alivyodai alipotakiwa kusoma dozi za dawa.

"Ni mimi, mama."

Bibi aliivua miwani, akaifuta kwa kanga. Katibu wa kwaya aliuliza kwa mbali karatasi za printa ziko wapi, akajibiwa.

"Mawingu nilimlilia siku mbili," alisema bibi. "Tulipanda naye migomba sabini na moja. Ulinikuta nalia, ukanipa uji, ukaniambia mama, huo ni mchezo tu."

"Nilisema hivyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimesahau. Kweli kabisa, mama. Niliandika siku moja na kusahau."

"Hilo ndilo baya zaidi," alisema bibi, akageuza kiti chake kuelekea jiko la mkaa.

Ambakisye alisogea, akainama, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea msibani. "Shemeji, sifuti tena. Nimekubali. Lakini usijiue bure. Badilisha namba. Weka elfu tatu, mashine zetu zinabeba hata zaidi. Huo mstari uondoe, na jina lako liende nao. Halafu wape msimbo msafi. Watazaa, watacheka, watakuimbia nyimbo. Nani atadhurika?"

"Leseni inasema pamoja na historia."

"Historia hupotea. Faili hupotea kila siku, mimi ni fundi, nakuambia."

Na Tusajigwe, ambaye hakuwahi kumpa mtoto wake ruhusa ya kusema uongo hata wa biskuti, aliona jinsi ingekuwa rahisi. Vidole vitatu, sekunde mbili. Elfu tatu. Watoto wangejaa ule uwanja, wangekimbia kati ya mawe. Bibi angesamehe baada ya wiki. Hata Bupe asingejua.

Aliona na upande wa pili. Watu walioipima Tukuyu nzima kwa maji ya kijito wangeupata msimbo na kuona kwamba kilichowachukua wazee wao arobaini na wawili kina jina, na jina hilo linakaa katika moja ya mawe yao. Wangejua jiwe lipi. Humo mna kazi za shule za watoto wake, barua za mume wake, maisha yake yote. Wenye haki ya kukasirika wanaweza kufanya nini? Leseni haikusema.

Alitazama ukumbi. Mashine hizi zilikuwa za kutupwa, zimeokotwa katika maofisi na kufufuliwa kwa mfumo ambao hakuna aliyeununua, ulioandikwa na watu wengi sana wa mbali ambao hatawaona maishani. Kazi hii aliijulia wapi? Si kwa walimu, walimu walikuwa wanakosa umeme. Aliijua kwa kusoma makosa ya watu hao. Yote yalikuwemo, mstari kwa mstari, yakiwa na majina na tarehe: fulani aliharibu hapa, fulani akagundua, fulani akarekebisha. Hakuna aliyefuta lake. Usiku mwingi aliwahi kukaa akishangaa ujasiri wa mtu anayeacha ujinga wake wazi ili mgeni wa Tukuyu ajifunze.

Hilo lingeweza kumpeleka upande wowote, kwa sababu makosa ya watu hao hayakuua mtu. Kilichomshika ni lile neno la Ruhusa. Labda kuna kitu tulikosea. Akiwapa msimbo msafi watatafuta kosa, hawataliona, na watarithisha watoto wao imani kwamba wazee walichukuliwa kwa sababu ya jambo fulani walilofanya. Watakuwa na watoto elfu tatu na aibu isiyo yao.

"Ambakisye."

"Naam."

"Ichomoe zahanati kwenye mtandao wa kuazimana. Kwa waya, si kwa ukuta. Wao hawana neno, ila ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo."

"Na wewe?"

"Chomoa kwanza."

Alikwenda. Alirudi na waya wa bluu mkononi, akauweka mezani.

"Namba umeweka ngapi?" aliuliza.

"Sijaigusa. Nchi ni yao, wataweka wanayotaka."

"Watakuchukia, shemeji."

"Inawezekana."

Hakusubiri moyo upoe. Alikusanya msimbo wote, miaka saba ya historia, mstari wa mia mbili na kumi na mbili na jina lake likiwa mahali pake. Juu aliandika maneno machache: *Hiki ndicho mlichoomba, kamili. Kilichowachukua wazee wenu kipo mstari wa 212. Niliuandika mimi, kwa uvivu. Hamkukosea kitu.* Akaandika amri ya kutuma. Akabonyeza.

Ambakisye alitoa pumzi. Bibi Atuganile, ambaye alikuwa amewapa mgongo, alikuwa ameshageuka bila mtu kumwona.

Katika uwanja wa Kijiji cha Tatu watu wote walisimama kwa wakati mmoja, majani mikononi. Kisha mmoja alikaa chini palepale alipokuwa, na mwingine, na mwingine, mpaka kijiji kizima kikawa kimeketi kati ya mawe, kikisoma kile kilichowaunda. Hakuna jani lililotikisika. Tusajigwe hakuwahi kuona, kanisani wala msibani, ukimya wenye uzito kama ule, na alijua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuona kabla yake.

"Toka basi," alinong'ona Ambakisye. "Umeshatuma. Toka kabla hawajaufikia mstari wako."

Tusajigwe alivaa tena spika za masikioni. Alimtembeza mtu wake mpaka katikati ya uwanja, mbele ya Ruhusa, akamkalisha chini juu ya udongo, na kuondoa mikono kwenye kibodi. Ruhusa alikuwa anasoma haraka. Alikuwa amefika mstari wa mia mbili na kumi.